Mtani Wangu na Maegesho ya Nangurukuru

Mtu akikuibia usiku unapiga kelele, majirani wanatoka na marungu. Ahmadi aliniibia mchana kweupe, mbele ya mkutano wa hadhara, majirani wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ndiyo maana hadi leo nikisimulia jambo hili watu hutabasamu kwanza. Kisha wananitazama usoni, ndipo tabasamu linawafia.

Naitwa Getrude. Kwetu ni Kikole, lakini maisha yangu ya utu uzima yameishia Nangurukuru, pale njia ya Kilwa Masoko inapochomoka kwenye barabara kuu. Nilikuwa nauza chakula kwenye uwanja wa ghala la zamani la Halmashauri. Ghala lenyewe lilishakuwa gofu, mabati yameng'olewa, ndani wanalala mbuzi wa watu. Mbele yake palikuwa na uwanja mpana, mgumu, na ukingoni mwa uwanja huo ndipo niliposimamisha banda langu la makuti, na mabenchi yangu, na mafiga yangu. Hakuna aliyenipa ruhusa na hakuna aliyenikataza. Nilifagia pale kila alfajiri kama napafagia kwa mama yangu. Banda lile ndilo lililokuwa likimsomesha mwanangu Fortunata chuo cha uuguzi, na sikuwa na kitu kingine cha kumsomeshea.

Mambo ya magari yalianza na Mwalimu Klementi. Siku moja alikuja na pikipiki yake akaniambia, "Mama Getrude, shikamoo. Naomba niiache hapa, nesi mmoja ana gari, tunakwenda wote Masoko. Kila mtu kwenda peke yake tunateketeza mafuta bure." Nikamwambia aache. Kesho yake akaja mtu wa benki na gari lake, akaliegesha kando ya pikipiki, akapanda la nesi. Wiki iliyofuata wakaja wa ofisi ya ardhi. Ikawa desturi: magari yanalala uwanjani kwangu mchana kutwa, wenyewe wamebanana kwenye gari moja, wanachangia mafuta, leo la huyu, kesho la yule. Wenyewe waliita kupakiana. Funguo za pikipiki nilizitundika kwenye misumari ya nguzo yangu, kofia za pikipiki chini ya benchi. Wakisubiriana wanakunywa chai na kula mihogo yangu, na nilikuwa najua nani huchelewa kila siku na nani kanuniana na mkewe.

Halmashauri ikasikia, ikaona ni jambo jema. Na kweli lilikuwa jema, sitalisema vibaya. Uwanja ni wao, hawahitaji kununua ardhi ya mtu wala kumhamisha mtu shambani kwake. Wautengeneze, uwe maegesho rasmi ya watu wanaopakiana, waanze na Nangurukuru, wakiona panafaa waende na kwingine. Akaletwa kijana wa mipango, Jonas, mtu wa kutoka Kagera, mpole, hajazoea hata joto letu. Alizunguka uwanjani na kamba ya kupimia, jasho linamtiririka, akanywa chai yangu akashukuru.

Sasa nikuelezeni habari za Ahmadi. Ahmadi alikuwa wakala wa mabasi pale njia panda, ana meza yake chini ya mwavuli na fulana yake ya rangi ya chungwa. Asili yao ni Kivinje. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani. Wazee walisema ni mambo ya zamani ya njaa: babu zetu walishuka na mtama, babu zao wana samaki na chumvi, wakapigana, wakachoka, wakapatana, na tangu hapo hakuna mmoja anayeweza kumkasirikia mwenzake. Ahmadi alikuwa akipita bandani kwangu anachukua chapati bila kulipa, anawaambia wateja, "Msijali, hiki ni chakula cha mtumwa wangu." Mimi namvua kofia mbele ya abiria wake naipiga mnada. Siku nyingine nilikaa kwenye kiti chake nikawatangazia abiria kuwa basi lake limefungwa breki kwa kamba za katani. Naye akacheka mpaka akakaa chini. Anayekasirika kwenye utani analipa kuku, na aibu yake haiishi upesi.

Lakini kupakiana kulimuumiza. Wale walimu na manesi, zamani, walipanda vigari vya Masoko ambavyo yeye ndiye alikuwa akivijaza na kupata chochote chake. Sasa walikuwa wanapita mbele ya mwavuli wake wanampungia mkono. "Mtumwa wangu," aliniambia, "umeniulia abiria." Alisema anacheka, na mimi nikamjibu ninacheka. Kicheko kile kilikuwa na mwiba ndani kama samaki wa kwao, nami nikameza.

Mkutano uliitishwa pale pale uwanjani. Jonas alisimama akaeleza: patamwagwa kokoto, patapangwa mawe ya chokaa, patajengwa mapaa ya kivuli, choo, na banda moja la chakula, la matofali, lenye maji ya bomba. Moja tu, akasema, ili usafi usimamiwe. Na banda hilo atapewa yule ambaye tayari anafanya biashara uwanjani, kwa sababu si haki kumwondoa mtu. Moyo wangu ulijaa. Nilimwona Fortunata amevaa sare nyeupe.

"Lile banda la makuti," Jonas akauliza, "mwenyewe ni nani? Naona mama mmoja anapika, lakini najua wengi wanaopika wameajiriwa. Mwenye banda ajitokeze."

Kabla sijafumbua mdomo, Ahmadi alikuwa ameshasimama. Alivua kofia, akaishika kifuani kwa heshima zote.

"Langu, mheshimiwa. Yule mama anayepika ni mtumwa wangu. Babu yangu alimnunua babu yake kwa pakacha la chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa imelowa."

Watu wakaangua kicheko. Jonas naye akatabasamu, kwa adabu, tabasamu la mgeni. Kisha akanigeukia. "Mama, ni kweli banda ni la huyu bwana?"

Hapo ndipo ninapotaka mnielewe, maana aliyezaliwa kwingine hataelewa. Mji mzima unanitazama. Mtani amenirushia, na macho yote yanangoja nidake. Ningesema, "Hapana, baba, anatania," ningekuwa nimeukata utani kwa kisu, nimemuumbua Ahmadi, nimejiumbua mwenyewe. Hakuna mtu wa kwetu anayefanya hivyo. Nikasimama, nikakaza kanga kiunoni.

"Ni kweli, baba. Banda ni lake, sufuria ni zake, na mimi mwenyewe ni wake. Ila nitafutieni nauli nirudi kwetu, maana huyu bwana kunilisha hawezi!"

Mkutano mzima ulivunjika mbavu. Mzee mmoja alidondosha fimbo. Jonas akaandika.

Kwao Jonas nao wana watani, aliniambia baadaye sana. Lakini kwao watu hutaniana harusini na kwenye mpira, mbele ya mtu wa serikali akiuliza swali wanajibu swali.

Mkutano ulipoisha nilimfuata Ahmadi. "Nenda kamwambie yule kijana."

"Nimwambie nini, mtani? Mji mzima unajua. Hata yeye ameelewa, hukumwona anacheka?"

Nikaridhika. Kumkimbilia Jonas na kumweleza kuwa banda langu ni langu kulionekana ni upuuzi, kama kumweleza mtu kuwa maji ya bahari yana chumvi.

Wakajenga. Nilihamishia mafiga yangu ng'ambo ya barabara wakati wa ujenzi, nikavumilia vumbi. Siku ya ufunguzi palipendeza, nasema kweli. Magari yaliingia yakajipanga kwenye mistari, Mwalimu Klementi akapiga honi watu wakashangilia. Jonas akasoma jina la mwenye banda la chakula. Ahmadi akaenda kupokea ufunguo. Watu wakacheka tena, na mimi, Mungu anisamehe, nilipiga vigelegele. Nilidhani anapokea kwa niaba yangu, kwamba utani unamaliziwa vizuri. Aliporudi nikanyoosha mkono. Akautia ufunguo mfukoni.

"Kesho asubuhi, mtumwa wangu. Leo acha bwana wako alale na nyumba yake."

Asubuhi nilivuka barabara na sufuria kichwani. Moshi ulikuwa unafuka tayari. Ndani ya banda la matofali alikuwemo Hafsa, mke wa Ahmadi, anasukuma chapati kwenye meza mpya. Aliponiona aliinamisha kichwa.

"Dada Getrude, mimi nimeambiwa nije tu."

Sikugombana naye. Nilimfuata mwenyewe kwenye mwavuli wake. "Ahmadi, nipe ufunguo."

Akasimama juu ya kiti. "Jamani! Njooni mwone! Mtumwa wangu anadai nyumba!"

Wapiga debe wakakusanyika, wauza maji, madereva wa bodaboda.

"Sicheki, Ahmadi," nikasema. "Banda langu lilikuwa linasomesha mtoto."

"Kakasirika!" akapiga makofi. "Mtani kakasirika! Kuku!"

"Kuku! Kuku!" wakaitikia wote, wanaruka ruka, na mimi nimesimama katikati nalia machozi ya kweli, na machozi yenyewe yakawachekesha zaidi, maana walidhani najua kuigiza. Siku ile nilifahamu kuwa nimefungiwa mlango ambao hauna hata pa kubisha. Nikinyamaza, nimekubali. Nikipiga kelele, nadaiwa kuku.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alicheka mpaka akafuta macho. "Ninyi watani mtamalizana wenyewe, Mama Getrude. Mimi nikiingia hapo nitakuwa mjinga."

Ikabaki kwenda ofisini. Mwalimu Klementi na wenzake walinipakia kwenye gari lao, bure, wakanishusha Masoko kwenye mlango wa Jonas. Nilimweleza yote. Kijana wa watu alishika kichwa.

"Lakini mama, nilikuuliza. Ulijibu mbele ya watu wote."

"Nilimjibu mtani, baba. Sikukujibu wewe."

Akasema jambo limeshapita kwenye vikao na yeye peke yake hawezi kuligeuza, isipokuwa Ahmadi aje aseme mwenyewe kuwa alikuwa anatania. Ahmadi akisema neno hilo moja tu, yeye atalirudisha jambo kikaoni. Nikaona nimepona. Neno moja tu, na kila mtu Nangurukuru analijua.

Ahmadi aliitwa. Alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Jonas akamuuliza, "Siku ile mkutanoni, mzee, ulikuwa unatania?"

"Mheshimiwa," Ahmadi akasema taratibu, "mimi ni mtu mzima. Siwezi kusimama mbele ya serikali nikatania. Nilisema banda ni langu, na yeye mwenyewe alikubali. Waulize watu."

"Ahmadi!" nikasema.

Hakunitazama. Alikuwa anatazama feni ya ukutani.

Jonas aliuliza tena, kwa namna nyingine, na akajibiwa vile vile. Tukatoka. Kwenye ngazi, mbele ya walinzi, Ahmadi akanigonga kwa kiwiko. "Mtani, leo umevaa kama bibi harusi wa Kikole, bado ngoma tu." Walinzi wakacheka. Ndani alikuwa mtu mzima, mlangoni akawa mtani tena. Nilimchukia siku ile kwa chuki ambayo sikujua ninayo.

Fortunata alirudi nyumbani. Hakumaliza chuo. Akawa anakaa nami ng'ambo ya barabara, tunakaanga mihogo kwenye vumbi la malori, na wateja wetu ni matingo tu. Wale waliokuwa wanapakiana niliwaona kila asubuhi. Waliegesha vizuri kwenye mistari, wakaingia kwa Hafsa, wakatoka wanajifuta midomo. Mwalimu Klementi alivuka siku moja kunisalimu. "Tunakuonea huruma, Mama Getrude, lakini asubuhi hatuna muda wa kuvuka barabara." Nikamwambia nimemwelewa. Sikumwelewa hata kidogo. Waliokuwa wakiacha funguo zao kwenye nguzo yangu hawakuwa na muda wa kuvuka barabara.

Kisha Bi Mwanaidi akafariki. Alikuwa mama yake Ahmadi, na katika watani wote niliowajua hakuna aliyemfikia kwa ulimi. Alinitukana tangu nilipofika mji huu nikiwa msichana, na matusi yake ndiyo yaliyonifanya nijione nina kwetu hapa. Habari za banda zilimkuta kitandani. Waliniambia kuwa mwanawe alimsimulia utani ule wa mkutanoni, akacheka sana. Sijui kama alisimuliwa na mengine.

Wao Waislamu hawachelewi kuzika. Alikufa alfajiri, azikwe alasiri. Ndugu zangu wa Kikole wasingewahi, kwa hiyo katika ukoo wetu mtani aliyekuwa karibu ni mimi peke yangu. Na msibani mtani ana kazi. Huvaa kanga za marehemu, hutembea kama yeye, huwatukana wafiwa kwa sauti yake, mpaka wanaolia wanacheka na kulia pamoja. Jeneza likitaka kutoka hujilaza mlangoni, halipiti mpaka apewe kitu. Kitu chochote anachonyakua siku hiyo ni chake, ingawa wenyewe hukikomboa matanga yakiisha. Bila hayo, maiti anatoka kama mtu asiyekuwa na historia na mtu yeyote.

Nilifika nimejifunika kanga nyeusi. Wanawake waliponiona wakanifungulia njia mpaka katikati ya mkeka, na nyuso zao zikaanza kulegea kabla sijasema neno. Hafsa akaniletea kanga za Bi Mwanaidi na mkongojo wake, akaziweka magotini pangu.

Nikazikunja vizuri nikamrudishia. "Poleni sana na msiba," nikasema. Nikatoa rambirambi yangu, nikaenda kukaa ukingoni mwa mkeka, karibu na mlango, walipokaa wageni.

Bi Salima, mdogo wake marehemu, alinisogelea kwa magoti. "Getrude, mwanangu, vipi? Dada yangu atatoka hivi hivi?"

Sauti ya Bi Mwanaidi ilikuwa kooni mwangu, nakuapieni. Ningeweza kumleta mbele yao wakati ule ule, hata kusonya kwake. Yeye hakunikosea lolote. Iliniuma kumnyima, iliniuma kuliko banda.

"Mungu amlaze mahali pema, bibi," nikamjibu.

Wakamwita Ahmadi. Aliingia upande wa wanawake, macho mekundu, nywele zina vumbi. Akachuchumaa mbele yangu, akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa banda.

"Mtumwa wangu," akasema, na sauti ikamkatika. "Huu hapa. Nyakua. Ila mama asitoke kimya."

Wanawake wakashusha pumzi, wengine wakaanza kutabasamu. Niliutaka ule ufunguo, sitajifanya. Akilini nilimwona Fortunata na mihogo yake. Lakini nilijua pia kwamba nikiunyakua pale, nimeunyakua kwa utani, na matanga yakiisha atakuja anacheka kuukomboa, na watu watacheka naye.

"Ahmadi," nikamuuliza polepole, "unanipa kama mtani wako, au unanirudishia nilichokuwa nacho?"

Alitazama nyuma. Mlangoni walikuwa wamesimama wanaume, mwenyekiti wa kitongoji yumo, wapiga debe wake wamo, na Jonas yumo, amekuja kuzika kama mtu mwingine yeyote. Wote walikuwa wanasikiliza. Niliona midomo yake inatafuta neno. Dakika ile angeweza kulisema, na mimi ningevaa kanga za mama yake nikamlilia mpaka mbingu zisikie.

"Aa, mtani nawe," akasema, na akajaribu kucheka.

"Pole na msiba, Bwana Ahmadi," nikasema. "Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako."

Sikuwahi kumwita bwana bila utani. Aliusikia ugeni wa neno hilo, akabaki amechuchumaa na mkono umenyooka, mpaka Bi Salima akamshika bega akamwinua.

Jeneza likaletwa. Wabebaji walipofika mlangoni walisimama, kwa mazoea, wakamngoja mtu ajilaze kizingitini. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikakunja miguu, wakapita.